Jethi na Gari Lililokwama Mtoni

Kamba ya wengi haichagui mikono. Mmeyasikia maneno haya leo pale kwenye ujenzi, mkanijia mbio kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi, chanzo chake ni hiki.

Zamani, katika kijiji cha Dhanvadi huko Gujarati, Bara Hindi, aliishi mjane mkamua mafuta aitwaye Jethi. Kutwa alimfuata maksai wake akizunguka kinu cha ufuta, na kwa mwendo wa kwato zile alitunga nyimbo za kumsifu Krishna, mungu aliyempenda kama mwana wa kumzaa. Hakutunga kwa lugha ya makuhani. Alitunga kwa lugha ya sokoni na jikoni, na watu wakaziimba mashambani hadi vijiji vya mbali.

Lakini mkuu wa kijiji, Vajesinh, alichukizwa naye, kwani Jethi alikwenda kuimba mtaani kwa washona ngozi, watu waliohesabiwa kuwa najisi, na kula chakula chao. Sikukuu ya gari la mungu, ambapo sanamu ya Krishna huvutwa garini kwa kamba, ilipokaribia, Vajesinh akapiga marufuku: Jethi asiimbe, wala mshona ngozi yeyote asiguse kamba ya gari.

Siku ikafika. Gari la mbao, refu kama nyumba, likaanza kuvutwa kuvuka mto, ambao maji yake yalifika vifundoni tu. Juu yake aliketi kuhani mzee, Harishankar, ubavuni mwa sanamu ya Krishna. Jethi alitazama toka ukingoni pamoja na washona ngozi, roho ikimuuma. Gari lilipofika katikati ya mto, magurudumu yakadidimia mchangani. Wavutaji wakavuta, wapi!

Mara ngurumo ikasikika kutoka juu ya mto. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha milimani!

"Mto unakuja!" watu wakapiga kelele. "Baba kuhani, shuka!"

"Sishuki!" akajibu mzee, amekumbatia sanamu iliyopigiliwa misumari garini. "Nimwache Bwana wangu peke yake?"

Maji yakapanda magotini. Jethi akamgeukia Hamir, mkubwa wa washona ngozi.

"Hamir, mwanangu, mnangoja nini?"

"Tumekatazwa, mama. Tukigusa, kesho watachoma nyumba zetu."

"Basi mimi nitatangulia. Wakichoma, waanze na yangu."

Akajitosa majini na kuishika kamba. Hamir na wenzake wakamfuata wote.

"Nani amewaruhusu?" Vajesinh, aliyesimama majini kando ya gari, akafoka. "Toeni mikono!"

"Bwana mkubwa," Jethi akamjibu, sauti ikipaa juu ya ngurumo, "kamba ya wengi haichagui mikono! Shika na wewe!"

Hapo hapo akaanza kuimba, wimbo ukimjia kinywani:

*Mvua yanyesha kote, vuta!*
*Haiulizi ukoo, vuta!*

Kila akisema "vuta", mikono yote ikavuta pamoja. Gurudumu likalia, likasogea. Vuta! Maji yakafika kiunoni. Vajesinh akatazama huku, akatazama kule, kisha akaidaka kamba nyuma ya Hamir, mgongo kwa kifua. Vuta! Gari likachomoka, likapanda ukingo wa pili likiyumba, na papo hapo mto ukapita nyuma yao ukibingirisha magogo na mawe.

Watu wakaanguka matopeni, wakicheka na kulia. Vajesinh, alipopata pumzi, akakumbuka cheo chake.

"Gari limeguswa na najisi. Litakaswe!"

Mzee Harishankar akainama kutoka juu ya gari.

"Anza kunitakasa mimi, Vajesinh, maana mikono hiyo ndiyo iliyoniokoa. Kisha jitakase na wewe, uliyeshika kamba ile ile."

Vajesinh akatazama viganja vyake vilivyochunika, akatazama vya Hamir, vimechunika vile vile. Amri ya utakaso hakuirudia tena. Jethi naye akauanza tena wimbo wake, na kijiji kizima kikaitikia, hata waliokuwa hawajawahi kufungua kinywa mbele ya Vajesinh.

Tangu mwaka ule hakuna aliyezuiwa kulivuta gari la Dhanvadi. Na akitokea mtu akauliza fulani ni wa ukoo gani hata ashike, wavutaji humjibu kwa pamoja, bila kuacha kuvuta: kamba ya wengi haichagui mikono.