Sarafu za Mwaka wa Sabini na Saba

Bwana Mbarouk, tajiri mwenye nyumba, alitaka kumhamisha Bi Siwatu, muuza kahawa kibarazani pake, ili kibaraza hicho ampe mpwawe. Basi akamwambia mbele ya wateja, "Niletee sarafu ishirini za mwaka wa sabini na saba. Ukizikosa Ijumaa, hama. Ukizileta, kibaraza ni chako maisha."

Wateja wakaguna. Sarafu hizo zilitolewa magunia kwa magunia, lakini sasa hakuna anayeziona tena.

"Mtihani huo, Bwana," Siwatu akasema kwa unyonge. "Tena nasikia mwezi ujao madukani hazitapokelewa."

Mbarouk akaacha kahawa nusu kikombe, akashika njia ya kwake mbio kama aliyesahau chungu motoni.

Ijumaa Siwatu akamhesabia sarafu ishirini, zote za sabini na saba.

"Umezipata wapi?" Mbarouk akafoka.

"Sokoni, Bwana. Muuza mchele anazo, muuza samaki anazo, hata kinyozi. Wote wanasema umewalipa wewe."

"Na hiyo habari ya kutopokelewa, ulimsikia nani akisema?"

"Nilijisikia mwenyewe nikisema," akajibu Siwatu, akimmiminia kahawa. "Nilitaka kuona nani atatoka mbio."