Kaa Mishi na Nguo Nyekundu

Paukwa!

Pakawa!

Maji yamekupwa?

Yamekupwa!

Mwambani kabaki nani?

Kabaki mdogo, na mwenye njaa!

Basi palikuwa na kaa mmoja, jina lake Mishi, mwili kama mbegu ya ukwaju, miguu mirefu myembamba kama ya buibui. Mgongoni ana vinywele vilivyopinda mithili ya ndoana. Kazi yake kutwa ni kujivika. Akiona mwani, anakata, kwachu! Anautafuna ncha, anautundika mgongoni, kwachu! Akitulia, hata mama yake humpita bila salamu.

Lakini gamba la kaa halikui. Kaa akinenepa sharti alivue, na siku mbili nzima anakuwa laini kama ugali wa moto. Siku mbili hizo ndizo zinazowamaliza kaa. Na Chewa, yule samaki mwenye kinywa kama mlango wa ghala, alizijua. Akaja, akajilaza mbele ya pango la Mishi.

"Shikamoo, Bwana Chewa," akasema Mishi. Aliogopa sana, tusidanganyane.

"Marahaba. Umeanza kupasuka?"

"Bado, bwana. Kesho asubuhi."

"Basi nipo."

"Utanila?"

"Kwani nimekuja kukujulia hali?"

Mishi akafikiri. Huyu bwana hula kinachotembea tu. Kisichotembea hajui hata ladha yake.

"Haya, bwana. Lakini mtu mzima kama wewe haandaliwi chakula kikiwa uchi. Nikuvalie rangi gani?"

Chewa akavimba kichwa. "Nyekundu."

Nyekundu ya pale mwambani ni sifongo, chungu kuliko mwarobaini, tena inawasha. Mishi akakata, kwachu! Akatundika, kwachu! Akakata tena, akatundika tena, mpaka akawa mwekundu mwili mzima.

Asubuhi gamba likapasuka kwa nyuma, papu. Mishi akatoka kinyumenyume, mguu mmoja, mguu wa pili, mpaka wa mwisho. Gamba likabaki limesimama na nguo zake. Mishi akalisukuma kidogo. Likatembea.

Gobu! Chewa akalibugia. Kisha akatema, pwaa! Akasugua midomo mchangani, machozi yanamtoka.

Alipoinua macho akamwona Mishi pale, uchi, laini, yu hai. Akaachama. Lakini Mishi alikwisha kuokota sifongo iliyotemwa, akajifunika gubigubi.

"Karibu, bwana. Kimebaki kingi."

Chewa akauona ule wekundu. Akafumba kinywa. Siku mbili Mishi alikaa mbele ya kinywa hicho, akingoja gamba jipya likauke. Lilipokauka, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Hadithi naitua hapa: ikiwa tamu, mezeni, ikiwa chungu, temeni.

Na funzo lake, watoto, ni lile la wahenga: nguo ya kuazima haisitiri matako; lakini ya Mishi ilisitiri. Asiyeamini akamuulize Chewa.