Beberu Bafuni kwa Bi Sikudhani

Bafu la Bi Sikudhani halikuwa na paa, na jirani yake Shekalaghe, tajiri wa michungwa, alikuwa na droni. Kila mama huyo alipoingia kuoga, droni ilikuja kuvuma juu ya kichwa chake kama nyigu. Akaenda kushtaki kwa mtendaji wa kijiji.

Shekalaghe aliapa, "Droni yangu inapiga picha michungwa yangu tu. Uani kwa mtu haijawahi kutazama."

"Sheria inakataza kumrekodi mtu nyumbani kwake bila ridhaa," alisema mtendaji, "lakini mama, huna ushahidi."

Wiki iliyofuata Shekalaghe aliingia ofisini akihema, simu mkononi. "Huyu mwanamke kamchinja beberu wangu. Tazama mwenyewe."

Kwenye video, iliyopigwa kutoka juu ya ua wake, Bi Sikudhani alikuwa akimkokota beberu kuelekea bafuni, kisu mkononi. Mtendaji akamwita.

"Beberu yu mzima, yumo bafuni anakula maganda ya ndizi," alisema Bi Sikudhani. "Aliingia uani mwenyewe. Kisu nilikuwa namenyea ndizi."

"Mbona hukumrudisha kwa mwenyewe?"

"Ningemrudisha, mtendaji, leo ungeletewa video gani?"

Mtendaji akanyoosha mkono, akaomba apewe simu, kisha droni.