Kombe Ambalo Alfonsi Hakuliachia

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu waliolala njaa. Haya, nitawatambia hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, mbali huko, kwenye kisiwa kimoja cha Karibi, palikuwa na kaa wasiojaliwa nyumba. Migongo yao laini, laini kama ulimi. Kila mmoja alivaa kombe la konokono wa baharini aliyekufa. Akikua, kombe humbana. Basi wakajiwekea desturi. Kombe kubwa likiletwa na mawimbi, wote hupanga foleni, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Wa mbele akisema "Hameni," wote hutoka pamoja. Yeye huingia jipya, wa pili huingia la wa kwanza, wa tatu la wa pili, pu, pu, pu, mpaka mkiani. Kufumba na kufumbua, kila mtu ana nyumba.

Siku moja, baada ya kimbunga, likaja kombe zuri. Foleni ikapangwa mchangani. Mbele alisimama Alfonsi, kaa mzima na heshima zake. Mkiani alikuwa Selestina, mtoto wa dada yake. Huyo, maskini, hata kombe hakuwa nalo. Alijisitiri kwa kifuniko cha chupa.

"Mjomba," akaita, "usichelewe. Kifuniko hiki hakinifichi kitu."

"Subira, mwanangu. Leo utalala ndani."

Alfonsi akasema, "Hameni." Wakatoka wote, uchi wa mnyama. Selestina akatupa kifuniko chake. Wimbi likakibeba, likaenda nacho.

Alfonsi akaingia kombe jipya. Lakini mkono ukabaki umeshika lile la zamani.

"Achia, shemeji," akasema Ofelia, wa pili kwenye foleni.

"Ngoja kwanza nilijaribu hili. Likivuja je?"

"Jaribu ukiwa umeachia. Wenzako tuko nje."

"Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao."

Jamani, methali nzuri mdomoni mwa mchoyo ni balaa. Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akalitikisa kombe, akasikiliza. Foleni nzima inaungua juani, yeye anasikiliza.

Korongo akatua. Pa!

Kaa wote wakarudi mbio kwenye makombe yao ya zamani. Selestina angerudi wapi?

"Mjomba, nipe hilo ulilolishika!"

Alfonsi akaachia. Sasa ndiyo anaachia. Korongo alikwisha kummeza mtoto, anapangusa mdomo mchangani.

Na kombe jipya halikuvuja hata tone. Lilimkaa sawasawa. Alfonsi akalia mpaka sauti ikamkauka. Akalisukuma lile la zamani kwa Ofelia, kwaru, kwaru.

"Lichukue, shemeji. Nakuomba."

"Baki nayo yote mawili," Ofelia akajibu. "Mwenye shida hayupo tena."

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Ukishapata chako, kile cha zamani kiachie upesi, maana mkiani yuko mtu asiye na pa kurudi. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu Alfonsi anamlea hadi leo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msiniombe nyingine, leo sina moyo.