Jogoo wa Miaka Arobaini na Miwili

Watoto wameshakwenda darasani kwao? Mzee wa kanisa, funga mlango huo. Leo tunaongea sisi tuliooana, na mama mchungaji amenipa ruhusa, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, mbeba magunia kwenye mashine ya kusaga. Gunia la kilo mia alilipandisha begani huku anapiga stori. Lakini miezi mitatu mizima alikuwa hawezi kukutana na mke wake. Mke ameshaomba ruhusa ya kwenda kwao, na jamaa alijua akiondoka harudi.

Akaenda zahanati. Kufika, muuguzi ni binti wa rika la mdogo wake wa mwisho. Aibu ikamshika. Akasema, "Dada, jogoo wangu hawiki."

Binti wa watu hata hakuinua macho. "Bwana mifugo yupo jengo lile, lenye bati jekundu."

Ninyi wanaume mnaocheka, mngefanyaje? Mngemsahihisha? Yule bwana alishukuru, akaenda kwa bwana mifugo!

"Huyo jogoo ana umri gani?"

"Arobaini na mbili."

"Wiki?"

"Miaka."

Bwana mifugo akaweka kalamu chini. Hakucheka, Mungu ambariki. Akauliza taratibu, "Alfajiri ukiamka, anasimama?"

"Alfajiri yuko vizuri. Nikimgeukia mama watoto, analala. Siku moja nilichoka, nikashindwa. Tangu hapo naogopa."

"Kapime presha na sukari, usiache. Lakini nikwambie, kaka. Mimi nimepasua wanyama wengi. Mbwa ana mfupa kwenye uume wake. Wewe huna. Una nyama laini kama sifongo, na damu ndiyo inayoingia humo ikakaa. Mishipa ikilegea, damu inaingia. Ukiogopa, mishipa inajibana. Na pale kwenye kichwa cha uume pamejaa neva nyembamba, mguso mdogo tu zinaupeleka mpaka kwenye ubongo. Raha yenyewe unaisikia huko. Na hofu inakaa huko huko."

Ndugu zangu, nikifika hapa mimi nywele zinanisisimka. Mtu anainua gunia kwa amri yake, lakini kiungo kidogo namna ile hawezi kukiamuru! Mungu alikosa mfupa? Si alimpa mbwa? Kwetu sisi akauacha makusudi, furaha yetu akaitegemeza kwenye moyo uliotulia. Nani angewaza hivyo? Mimi nastaajabu, na nikistaajabu namwogopa Yeye aliyeumba.

Basi jamaa akarudi nyumbani, akamkuta mkewe anafunga nguo kwenye kitenge. Akamweleza yote, hata safari ya bati jekundu. Mke hakucheka. Alikaa kitandani akalia.

"Baba watoto," akasema, "miezi mitatu najitazama kwenye kioo natafuta kasoro yangu. Nilikuwa naondoka kwa sababu nilijua umenichoka."

Mmesikia? Bwana mifugo ameambiwa. Mke, mwenye nyumba, ameachwa na kioo!

Sisi ndivyo tulivyo. Jambo hili tumelipa jina la nguvu, nguvu za kiume, kwa hiyo tunahangaika kutafuta nguvu: mizizi, vidonge, unga wa kutia kwenye chai. Hospitali nendeni, wala sikatazi, maana ugonjwa upo. Lakini ukishapimwa ukaambiwa u mzima, jua kwamba Muumba hakutunza raha yako kwenye ubabe. Aliitunza mahali ambapo mtu hawezi kujifanya. Ulimi ukificha hofu, mwili unaisema, na mwenzako kitandani anaisikia, tena anaitafsiri vibaya.

Haya, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake. Shikeni, msione haya. Kuna neno ulilokwisha kumwambia mtu wa nje, na huyu uliyemshika mkono hajalisikia. Sitaomba kwa sauti leo. Nanyamaza dakika mbili, mwambie.