Mama Aliyefagia Ufukwe

Mfikirieni mama mmoja, ndugu zangu, mkulima wa mwani. Ufukweni kwao palikuwa na ndege mdogo, yule anayekimbia mbele ya wimbi. Ndege huyo hajengi kiota cha majani wala vijiti. Hutaga mayai mawili yenye madoadoa juu ya mchanga, katikati ya makapi ya mwani na magamba ya kombe. Watu waliyakanyaga mayai bila kujua, mbwa wakayala, mpaka zikabaki jozi mbili tu za ndege hao.

Mama huyu ndiye aliyeanza kuwatetea. Aliacha kuanika mwani wake pale, akauhamishia nyuma ya nyumba, akawashawishi wenzake nao wahamishe wao. Wakazungusha kamba, wakapeana zamu za kulinda. Mwaka wa sita walihesabu viota kumi na tisa.

Kijiji kikaamua kusherehekea, wageni wakaalikwa kutoka wilayani. Asubuhi ya siku yenyewe mwenyekiti alifika ufukweni, akatazama, akakunja uso.

“Bibie, wageni waje waone jaa hili? Watasema kijiji hiki hakina wanawake.”

“Mayai yamo humo, mwenyekiti.”

“Na nani anajua yalipo kukushinda wewe? Fagia, uyapite.”

Neno hilo lilimwingia. Jina lake lingesomwa mbele ya watu siku hiyo, naye hakutaka lisomwe mbele ya uchafu. Akachukua fagio la chelewa, akafagia taratibu. Kila alipofika penye mayai aliinama, akaondoa makapi kwa vidole.

“Leo unafagia kama unamnyoa mtoto mchanga,” shoga yake akamtania.

“Na mtoto akikatwa, utambembeleza wewe?”

Hakuvunja hata yai moja. Mchanga ulibaki mweupe kama sahani, na juu yake mayai, mawili mawili, yakionekana kutoka mbali.

Wageni walikuwa wameketi chini ya turubai, risala imefika katikati, mama alipowaona kunguru. Walishuka mmoja mmoja, bila haraka, kila mmoja penye mayai yake, kama watu walioandaliwa meza.

Hapo ndipo alipoelewa. Kamba ilizuia watu na mbwa. Jicho la kunguru lilizuiwa na makapi, miaka yote hiyo. Na aliyeyaondoa ni yeye, aliyewapenda ndege wale kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Jina lake likasomwa. Watu wakapiga makofi, wakageuka kumtafuta. Hakwenda mbele. Alikimbilia rundo la makapi nyuma ya turubai, akajaza kapu, akaenda kulimwaga ufukweni, na kanga yake mpya mwilini, wageni wote wakitazama.

Mwenyekiti akamfuata. “Unatuaibisha, mama.”

“Ndiyo. Aibu yangu itaisha jioni. Shika kapu.”

Mwenyekiti aliwatazama wageni, kisha akalishika.

Viota kumi na kimoja vilisalimika. Ndege waliopoteza mayai walitaga tena mwezi uliofuata, palepale penye makapi, na sherehe ya mwaka uliofuata ilifanyika katika uwanja wa shule.

Sasa nawauliza: mama yule alikosea wapi? Hakuwa mvivu, hakuwa na chuki. Sisi nasi kitu kikikaribia kufa tunajua kukilinda. Kikipona je? Hapo tunataka kionekane. Ndoa ya ndugu yetu imeyumba, imesimama tena, na sisi tunaisimulia harusini kwa watu, eti tunaisifu. Binti amerudi nyumbani baada ya miaka ya kupotea, tunamzungusha kwa majirani wamwone alivyotulia. Tunamwondolea sitara yake, tukiita kazi hiyo furaha. Je, tumewahi kumuuliza aliyepona kama yuko tayari kutazamwa? Mwenyezi Mungu humponya mja wake akiwa amemfunika. Nani alitutuma tumfunue?

Yupo mwenzetu katika msikiti huu aliyeacha kilevi. Huu ni mwezi wake wa nne. Baadhi yenu, kwa nia njema kabisa, mlinitaka leo nimsimamishe hapa mbele awaeleze alikotoka. Nimekataa. Tukimaliza swala, mtatoka naye mlangoni, bega kwa bega. Mpeni salamu kama mnavyompa mtu yeyote, kisha mwacheni aende nyumbani kwake.