Kicheko Ndani ya Kompyuta

Haya jamani, zimeni simu zenu kidogo niwape fumbo. Na anayejifanya analijua jibu asiropoke mpaka nimalize.

Pale Mbinga, enzi zile simu bado ni za kubonyeza, Mwalimu Egno Ndunguru alifungua kilabu cha kompyuta sebuleni kwake. Kompyuta moja, watoto kumi na saba! Watatu kati yao walijaliwa vipaji. Sixtus alikuwa na masikio: alijua redio inaumwa wapi kabla hajaifungua. Kandida alikuwa na vidole, maana Mwalimu alikuwa na mchezo wa kufunika kioo kwa kitenge na kusema, "Andika hivyo hivyo, herufi zimo vidoleni." Na Bonaventura hakutupa kitu, hata kizibo cha soda.

Miaka ikaenda, watoto wakatawanyika, Mwalimu akafariki. Mkewe, Bibi Osmunda, akabaki na kompyuta ile, na ndani yake video ya dakika mbili: Mwalimu akicheka. Kwenye picha zake nyingine zote amenuna kama anayesubiri sindano. Kila Jumapili baada ya misa Bibi aliitazama, ndipo abandike maharage.

Sasa, kompyuta yenyewe ilitumia Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuuboresha, na wanakilabu ndio walioutafsiri. Siku moja ikamwuliza Bibi kwa Kiswahili safi, "Je, ungependa kusasisha sasa?" Bibi akabonyeza Ndiyo. Mtu akikuuliza kwa adabu namna hiyo, utamkatalia? Ilipojiwasha tena, kioo kikawa cheusi tii.

Fundi wa mjini akaja, akaguna. "Mama, hii imekufa. Nifute kila kitu, niweke mfumo mwingine."

"Ukifuta umemzika mara ya pili. Toka!"

Bibi alilia siku mbili. "Nimemfuta kwa kidole changu mwenyewe," alimwambia jirani, "na kicheko chake nimeanza kukisahau." Siku ya tatu akaweka nadhiri mbele ya padri: atakayemrudishia kicheko kile atapewa baiskeli ya Mwalimu. Ni ile ile aliyowapakia wanafunzi wake kuwarudisha kwao mvua ikiwakamata.

Habari zikawafikia wale watatu. Wakaja, watu wazima sasa, mvi mbili tatu kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Bona, hicho kitambi nacho umekataa kukitupa?" Wakacheka, na Bibi akajisikia nafuu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Sixtus akaiwasha mashine, akainamisha kichwa. Kioo kimya, lakini ndani, kwa mbali, akasikia zile ngoma ambazo Mwalimu aliziweka zilie kompyuta ikishawaka. "Hii haijafa," akasema. "Imewaka mpaka mwisho, ila haionyeshi. Kilichoharibika ni draiva, kile kiprogramu kinachoiongoza kadi ya picha. Kimeletwa kipya kisichoijua kadi yetu kuukuu."

Kandida akavuta kiti, akafumba macho. Akaandika amri moja baada ya nyingine, gizani, bila kuona hata herufi moja, na angekosea kidogo tu angeweza kufuta mafaili yote. Bibi alishika rozari. Ile draiva mpya ikaondoka, kioo kikaleta maandishi meupe. Lakini picha, wapi! Draiva ya zamani ilihitajika, na mtandaoni ilishaondolewa.

Bonaventura akafungua kopo kuukuu la maziwa alilokuja nalo, mojawapo ya yale anayohifadhia vikorokoro vyake. Mkewe alikuwa akimsuta kwa makopo hayo kila Krismasi. Akatoa sidii yenye mwandiko wa Mwalimu: *Draiva ya kadi yetu. Msipoteze.*

Basi wakaiweka, wakawasha upya, na Mwalimu huyo hapo, mwanya wazi, anacheka mpaka anashika mbavu! Anawacheka watoto watatu waliolowa, ndio hao hao, kila mmoja ameng'ang'ania baiskeli: "Mimi kwanza! Mimi kwanza!" Bibi Osmunda akalia tena, kilio kingine hiki, cha raha.

Alipojifuta machozi akawasikia nyuma yake wakiigombea baiskeli.

"Bila masikio yangu mngempa fundi afute."

"Kusikia kunasaidia nini kama hakuna wa kuandika gizani?"

"Andikeni mpaka kesho, bila sidii yangu mngeona nini?"

Padri alipoulizwa alisema nadhiri ilitaja mtu mmoja, na baiskeli haigawanywi wala haiuzwi. Mwalimu siku ile ya mvua aliwapakia kwa zamu, mambo yakaisha. Bibi hana zamu ya kugawa, na wote watatu ni wanawe. Jumapili baada ya misa lazima aishike baiskeli ile kwa usukani na kumkabidhi mmoja, wawili wakimwangalia.

Haya, na wewe unayetazama dari, nakuona. Je, ungekuwa Bibi Osmunda, ungemkabidhi nani?